Fremuweki za apu za TV ni utapeli, zimenitia aibu Uyole

Wakuu habari zenu, nina hasira naomba mnivumilie, usingizi sijaupata tangu juzi.

Nina mteja hapa Uyole, mama mwenye lodge ya vyumba 14, kila chumba kina smati TV ila alizinunua mojamoja kwa miaka kwahiyo hakuna zinazofanana. Akataka mgeni akiwa kitandani abonyeze rimoti aagize chai, wali wa Kyela, au maji ya moto ya kuoga, na baridi la Mbeya mwezi huu wa sita mnalijua, hicho kitufe cha maji ya moto ndo apu yenyewe. Nikachukua fremuweki moja, yaani kiunzi cha kujengea apu, jina nalihifadhi, wanajitapa kwamba ukiandika mara moja inapiga kazi TV zote. Emuleta, ile TV ya kuigiza ya kwenye laptop, safi kabisa, nikampigia mama nikamwambia aandae hela.

Naenda kuwasha chumba namba 6, skrini nyeupe pee! Hakuna kosa, hakuna herufi hata moja. Kumbe TV ya 2018 ndani imebeba Chromium 53, injini ya kivinjari ya 2016, na ukishauziwa ndo imetoka hiyo, injini haipandishwi. Nimechimba usiku kucha muuaji nikamkuta ni alama ya kuuliza na nukta, hivi ?. basi, kifupi cha lugha ya JavaScript kilichoingia Chromium 80 mwaka 2020, TV ya zamani ikikutana nacho inagoma kusoma faili zima. Na msiseme niliandika mimi, kimo tumboni mwa fremuweki yenyewe!! Nikapitisha kila kitu kwenye Babel, programu inayogeuza JavaScript mpya iwe ya kizamani, ikawaka, sasa menyu nzima imerundikana kama viroba vya viazi vinasubiri fuso, mana CSS Grid, ile ya kupanga vitu kwenye skrini, nayo imeanza Chromium 57.

Hapo sijafika kwenye rimoti. Kitufe cha kurudi TV za kampuni moja kinatuma namba 461, za kampuni nyingine 10009, fremuweki inaijua Esc ya kibodi tu, sasa nani analala na kibodi jamani? Mgeni wa namba 11 kanasa kwenye ukurasa wa maji ya moto, akibonyeza kurudi kimya, akibonyeza OK inatuma oda, mapokezi wakapata oda 9 za mtu mmoja. Mama kanipigia, "Mwanangu, huyu anaoga au ananyonyoa kuku?"

Na ahadi hii ni ya zamani, MHP, kiwango cha Ulaya cha apu za TV, ilikuja 2000 na lugha yake ya Java kwamba apu moja ving'amuzi vyote, ikachuja, 2010 ikaja kiwango kingine, HbbTV, cha HTML ya kurasa za wavuti, wimbo uleule. Angalau wale walikuwa na kiwango kimeandikwa, hawa wa sasa hata kusema tumejaribu kuanzia TV ya mwaka gani wanaona uvivu.

Kuna mtu humu amewahi kuandika fokasi (ile alama ya kuchagua inayohama kwenye skrini) na vitufe mwenyewe kwa JavaScript ya kizamani bila fremuweki yoyote? Aje anielekeze leo hiihii, kesho saa mbili asubuhi natakiwa Uyole na mama kasema salio halitoki mpaka namba 6 ifanye kazi vizuri mbele yake.