Fildi ya jiolojia kwenye skrini: naombeni ushauri

Mwalimu_Miamba
Habari zenu wakuu. Nafundisha jiolojia mwaka wa pili chuoni. Bajeti ya fildi imekatwa: Olduvai tutafika, ila Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkeno, haiwezekani tena. Nafikiria kuifundisha kwa ziara ya mtandaoni, lakini naogopa vijana watakaa kutazama picha tu wakiondoka hawajajifunza kitu. Halafu wengi hawana kompyuta, na bando ni ghali. Mliowahi kufanya, mlianzaje?

Tabaka_Jekundu
Mkuu, usianze na video, anza na swali. Wafungulie Google Earth bila maelezo, waambie watafute ukingo wa Bonde la Ufa magharibi mwa Lengai, wauchore, kisha wapitishe mstari kutoka nyanda za juu hadi sakafu ya bonde wapate mchoro wa mwinuko. Ukiwa umesimama chini ya ukingo ule huuoni wote. Hapa wanauona mzima. Hakikisha tu mpangilio wa kukuza mwinuko uko kwenye 1, la sivyo miteremko yote itadanganya.

Kisha wasogeze kileleni. Kuna atakayesema ule weupe ni theluji. Mwache aseme, halafu waulize wenzake. Lava ya Lengai ni ya kabonati za sodiamu na potasiamu, hutoka nyeusi ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, ikishapata unyevu hugeuka nyeupe. Hakuna volkeno nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Malizia na picha za kasoko (mdomo wa volkeno) kabla na baada ya milipuko ya 2007 na 2008: kabla ilijaa lava mpaka ikamwagika ukingoni, baadaye likabaki shimo refu. Waeleze wao kilichotokea.

Binti_Nyundo
Mwalimu, nimehitimu juzijuzi, naongea kwa upande wa wanafunzi. Skrini haimfundishi mtu kushika dira na kupima mwinamo wa tabaka, wala kudondoshea asidi chokaa akaiona inachemka. Toeni sampuli stoo ya idara: kila kituo kwenye skrini kiwe na mwamba wake mezani. Kuhusu bando, Google Earth Pro ya kompyuta hutunza maeneo mliyokwisha kuyafungua, kwa hiyo yapitieni kwanza maabara penye intaneti. Picha wagawieni kwa flashi.

Mwalimu_Miamba
Asante dada, la sampuli sikuliwaza kabisa. Na Olduvai, ambako tunafika kweli, kuna haja ya ziara ya skrini?

Profesa_wa_Bondeni
Hapo ndipo inafaa zaidi, mwalimu. Sisi huku Kenya huifanya kabla ya kusafiri. Wanafunzi waandike kwenye daftari la fildi wanachotarajia: basalti (mwamba mweusi wa lava) chini, tabaka zenye majivu ya volkeno juu yake, na ile tabaka nyekundu, ya tatu kutoka chini, iko wapi. Wakifika korongoni wanapima walichoandika, hizo siku chache haziishii kwenye kushangaa. Daftari lisahihishwe kwa masharti yaleyale: mchoro uwe na skeli na mwelekeo wa kaskazini.

Mwalimu_Miamba
Nina mwanafunzi anayetembea kwa magongo, kushuka korongoni hataweza.

Profesa_wa_Bondeni
Asibaki chuoni. Aende, akae ukingoni na mwenzake, wachore korongo zima kutokea juu wakilinganisha na walichoona kwenye skrini. Wa chini wampandishie sampuli azitambue, na mchoro wake ndio kundi litumie kuunganisha vipimo vyao.