Wakuu tumegongana na bodaboda, bima ipo, naanzia wapi?

Mzee_wa_IST: Wakuu habari za usiku. Jumamosi saa 3 usiku tunatokea Mbezi Beach kuelekea Mwenge, pale Tangi Bovu mvua inanyesha, boda akachomoka kushoto hana taa tukamvaa. Kavunjika mguu, kalazwa. Gari taa, bampa na boneti vyote kwisha. Trafiki alikuja akapima akachora, gari iko kituoni. Bima ni kubwa, ile inayolipa mpaka gari yako mwenyewe. Swali langu ni dogo tu, kwenye bima naanzia wapi na wanalipa baada ya muda gani? Sijalala siku ya tatu hii, naomba msinitukane.

kachumbari_chungu: Pole sana mkuu. Majeruhi alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa? Bima wapigie leo leo maana mikataba mingi inataka taarifa mapema, watakupa fomu ya madai unaambatanisha kadi ya gari, leseni ya dereva, mchoro na ripoti ya polisi ile PF90. Fundi asiguse hata skrubu kabla mtu wa bima hajaja kuikagua.

Mama_Wawili: Jumamosi saa 3 usiku kutoka Mbezi Beach. Mlikuwa kwenye maji ya dhahabu nyie, semeni ukweli.

Mzee_wa_IST: Dada hakuna aliyekunywa, tulitoka msibani.

Chalinze_Boy: Umenikumbusha mbali, 2012 niligonga ng'ombe mmoja usiku, nikawasha hazadi nishuke nione, pori tupu hakuna hata taa, dakika 5 nyingi ng'ombe ana wenyewe wanne na kila mmoja analia kivyake, nililipa nikaondoka na nyama hawakunipa.

boda_msomi: Kila siku boda kachomoka boda kachomoka. Sisi tunachomokaga wapi, ardhini?

Mtu_Pembeni: Mleta mada, umeandika TUKAmvaa. Kwenye usukani alikuwa nani?

Mzee_wa_IST: Hilo sidhani kama lina uzito mkuu, gari yangu, bima yangu.

Mtu_Pembeni: Lina uzito kuliko hiyo boneti. Leseni unayoenda kuambatanisha ni ya nani?

Mzee_wa_IST: Haya. Alikuwa anaendesha shemeji, mdogo wake wife. Leseni hana ila gari anaijua vizuri tu, kajifunza kweli kweli. Trafiki alipofika nikasema dereva ni mimi, na maelezo nimeshaandika na kusaini. Dogo ana miaka 20 yuko chuo, nimharibie maisha kwa kosa la boda asiye na taa? Wife nae keshasema nikimtaja mdogo wake nisirudi nyumbani. Na mwenye kosa ni boda, sasa hapo nani anaumia?

boda_msomi: Anaumia aliyelala na mguu umefungwa.

kachumbari_chungu: Nafuta pole yangu. Boda akitoa maelezo kwamba aliyeshuka upande wa dereva ni kijana, bima wanakuruka na wewe unabaki na uongo wenye sahihi yako polisi. Tafuta wakili kesho asubuhi, nendeni mkarekebishe maelezo kabla hamjaitwa.

Mzee_wa_IST: Usiku, mvua, nani kaona?

Nusu_Shilingi: Hii chai, tena haijaungwa tangawizi. Mwezi wa tatu jamaa alifungua uzi anauza hiyo hiyo IST anunue kiwanja Kigamboni. Halafu bima kubwa kwenye IST? Wenzio tunalipa 118,000 yetu ya bima ndogo, ile inayolipa uliyemgonga tu, tunamuachia Mungu.

Mzee_wa_IST: Mteja alizingua. Na bima kubwa ni masharti ya mkopo, benki ndio walitaka.

Mama_Wawili: Msiba wa nani ulikuwa?

Nusu_Shilingi: Umeona eeh, kimya.

Mtu_Pembeni: Mimi ajali naiamini. Ninachojiuliza ni nani anamsifia shemeji "kajifunza kweli kweli" wakati gari yake iko kituoni haina uso. Huyu anayeandika ndio dogo mwenyewe, katumia akaunti ya shemeji.

Chalinze_Boy: 😂😂😂 nimemwaga chai

fundi_gereji: Kama haitengenezeki naulizia injini, iko poa?

Mzee_wa_IST: Wakuu tuache utani. Dogo akirudi kituoni akasema aliendesha yeye, kesi inakuwa yake peke yake au na mwenye gari anaunganishwa?

kachumbari_chungu: Wote. Kumpa gari asiye na leseni nayo ni kosa. Wewe ni yupi?