Gia nane? GIA NANE ZIPO WAPI? Hawa jamaa wa nyota sita wametudharau

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Natoka yadi sasa hivi, chakula cha mchana sijala na cha jioni sitakula. Mnawajua ninaowasema, hilo jina la Subaru sitaki hata kulitaja.

Ile chuma, WRX S4 mpya, imeshuka kutoka Japani, ya bluu, injini ya FA24, lita 2.4. Nikaambiwa ingia ujaribu. Nikakaa, mguu wa kushoto ukaanza kutafuta klachi. Unapapasa kapeti tu. Nikamuuliza kijana wa yadi, dogo, klachi iko wapi? Akanitazama usoni, anatabasamu: "Mzee, hii haihitaji, ina gia nane."

GIA NANE. Kwenye CVT, gearbox isiyo na gia!

Ndani ya lile boksi kuna puli mbili na mnyororo. Puli zinabana, zinapanuka, kompyuta inazisimamisha sehemu nane ili ujisikie unabadilisha gia. Wametuchongea hatua nane za maigizo, wakatupachikia na vibao nyuma ya usukani tuvibonyeze. Nikakanyaga mafuta nusu, mshale ukapanda ukaganda pale pale, injini inalia mlio mmoja kama cherehani ya umeme, gari linafuata baadaye kwa wakati wake. Dogo yuko pembeni: "Umezisikia gia, mzee?" Gia gani wewe?!

Na asije mtu kuniambia yenye klachi ipo. Ipo Marekani, usukani kushoto! Ya Japani, yenye usukani wa upande wetu, waliizindua Novemba 2021 na CVT tupu. Sisi tunaosubiri meli ndio tumepewa puli.

Hesabu nazo ni matusi. S4 iliyotangulia: lita 2.0, farasi 300, torque Nm 400. Hii mpya: lita 2.4, farasi 275, Nm 375. Umeongeza injini, umepunguza nguvu! Halafu Machi 2022 wakatangaza kwamba ile yenye bawa, STI, ya herufi tatu za pinki, haitatoka kwenye umbo hili. Injini yao ya zamani, EJ20 ya lita 2.0, ilianza 1989, ikashinda Safari Rally na dereva McRae 1997, na Burns 2000, wakaja kuiaga mwaka 2019 kwa magari 555 tu, wateja wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Miaka yote hiyo mguu wa kushoto ulikuwa na kazi. Leo mguu wangu umekaa bure kwenye kapeti, na mtoto wa juzi ananiambia gia nane!

#2
Gia nane 😂😂😂 Mkuu ungeshuka hapo hapo. Mimi ningemwambia afungue boksi azihesabu mbele yangu.

#3
Ulikwenda kununua au kujaribu bure? Maana wanaolia sana humu ndani wote wanaendesha IST.

#4 (mleta uzi)
#3 sijaja kujadili ninachoendesha. Nimeambiwa GIA NANE, na nimeambiwa kwa tabasamu.

#5
Mnasahau ile plastiki nyeusi kwenye matao ya magurudumu. Nilidhani fundi wa rangi aliishiwa pesa katikati ya kazi. Gari la mbio unalivalisha plastiki za gari la shamba? Hiyo CVT ningeisamehe, plastiki sisamehi mpaka naingia kaburini.

#6
Wakubwa, tuwe wakweli kidogo. Kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni, klachi ya EJ20 unaifurahia wapi? Goti linakufa.

#7
#6 toka humu.

#8
Huku Nairobi mnatuumiza bure. Sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 inatufungia zile za gia ya mkono, kila mwaka zinazoruhusiwa kuingia zinapungua. Nyinyi mnalia mkiwa na uchaguzi.

#9
#8 njoo uone ushuru wa gari kuukuu upande huu, kisha urudi kutuambia nani ana uchaguzi.

#10
Halafu kuna watu wanaulilia mngurumo, eti boksa, injini ya silinda zilizolala, haingurumi tena. Ule mngurumo ulitokana na bomba za ekzosi zisizolingana urefu. EJ20 za Japani waliziwekea za kulingana, na turbo ya njia mbili za moshi (twin-scroll), tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mmelala miaka ishirini ndiyo mnaamka leo.

#11 (mleta uzi)
#10 nani kataja mngurumo? Soma. Nimesema GIA. NANE.

#12
Niko Stuttgart hapa, nyinyi bado hamjatukanwa. Wale jirani zetu wa Affalterbach, Mercedes-AMG, mwaka 2022 waling'oa V8 ya lita 4.0 kwenye C63 wakaweka silinda nne, lita 2.0, na betri. Farasi 680, sawa, lakini gari linazidi kilo 2,100. Tani mbili na ushee, halafu unaambiwa ni la mbio! Silinda nne zimekwenda kaburini na heshima ya mtaa mzima.

#13
#12 farasi 680 unalalamika? Nipe mimi hilo, nipe leo, na betri yake.

#14
Silinda nne zina shida gani? EJ20 ina ngapi?

#15
#14 ina nne zilizolala. Tofauti na zilizosimama.

#16
Zimelala kweli, na oili inalala nazo. Yangu inakunywa oili kuliko petroli, na gasketi ya silinda hedi nimebadilisha mpaka fundi amemaliza nyumba.

#17
#16 hiyo ni EJ25, ile ya lita 2.5, usiichafue EJ20.

#18
EJ20 nayo inakunywa. Nani kakudanganya?

#19
Inakunywa kwa sababu mnaweka oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Mtu anatia oili ya lori kwenye turbo kisha anakuja kulaumu injini.

#20
Tukiwa hapo hapo kwenye oili, kuna mwenye gearbox ya mkono ya gia 6 iliyo nzima, pamoja na difu yake ya nyuma? Niko Arusha. Madalali msinifuate inbox.