Monita ya kuhariri picha za harusi: 4K ya inchi 27 au mtumba wa inchi 24?

PichaZaZiwa:
Wakuu, habari za kazi. Nahariri picha za harusi kwenye laptopu ya inchi 15 yenye kioo cha 45% NTSC (kipimo cha wingi wa rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha). Zikishasafishwa zinarudi na giza kuliko nilivyoziona, na suti nyeusi ya bwana harusi inakuwa bonge moja, mikunjo haionekani. Nataka monita ya nje. Nimepata mbili: 4K ya inchi 27, muuzaji hajui ni paneli (aina ya kioo) gani, na Dell U2415 ya inchi 24 ya mtumba. Nichukue ipi? Na Adobe RGB, ule wigo mpana wa rangi, nayo ni ya lazima?

FundiRangi:
Mkuu, hapo una matatizo mawili, usiyachanganye.

Giza linatokana na mwangaza. Monita nyingi mwangaza ukiwekwa 100 hutoa kandela 250 hadi 350 kwa mita ya mraba, wakati kazi ya kuchapisha inataka 80 hadi 120. Kioo kikiwaka hivyo, picha yenye giza unaiona imetosha, unaiacha. Karatasi haina taa nyuma yake, basi giza linajitokeza. Usiposhusha mwangaza, hata monita ya bei mbaya itakurudishia picha zilezile.

La pili ni rangi. 45% NTSC ni takriban asilimia 63 tu ya sRGB, wigo wa rangi wa kawaida wa kompyuta na mtandao. Wekundu mkali wa kitenge huuoni ulivyo, na kalibreta (kifaa cha kupima na kurekebisha rangi za kioo) haiwezi kuongeza rangi ambayo kioo hakina.

Chukua U2415: ni IPS (paneli ambayo rangi hazibadiliki sana ukiitazama kutoka pembeni), pikseli 1920 kwa 1200, na inafikia 99% ya sRGB. 4K inakupa ukali wa picha, haikupi usahihi wa rangi. Hiyo nyingine ikiwa TN (paneli ambayo rangi hubadilika ukisogea) utaumia: jaza kioo kwa picha ya uso, kisha itazame kutokea chini. Vivuli vikigeuka kama negativu, achana nayo. Kwenye kioo cha namna hiyo ngozi nyeusi kando ya shela jeupe hubadilika kila ukiinua mgongo, hujui uhariri kwa kufuata kipi.

KiooSafi:
Naunga mkono, ila mtumba usiubebe kabla ya kuupima. Nenda na flashi yenye picha za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu na kijivu. Iache monita iwake nusu saa kwanza. Kwenye nyeupe, linganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukielekea upinki au unjano, hakuna mpangilio utakaourekebisha. Kwenye nyeusi, pembe za IPS kung'aa kidogo ni kawaida. Doa la mwanga lisilobadilika hata ukisogeza kichwa ni taa inayovuja.

U2415 haina VGA wala DVI, ina HDMI na DisplayPort, kwa hiyo angalia laptopu yako ina tundu gani. Ukitumia HDMI, ingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha ya laptopu (graphics card) uhakikishe inatoa RGB kamili, yaani ngazi za mwanga 0 hadi 255. Ikitoa 16 hadi 235 na monita inasubiri kamili, weusi unaonekana kijivu. Wewe unaukandamiza ili ukolee, na suti za watu zinaishia bonge kwenye karatasi. Lichunguze hili kabla hujalaumu wasafishaji.

Mchapaji_Pwani:
Adobe RGB iache kwa sasa. Mashine nyingi za kusafishia picha madukani hufanya kazi kwa sRGB. Faili la Adobe RGB likipita bila profaili yake (maelezo ya rangi yaliyo ndani ya faili) kusomwa, rangi zinatoka zimepauka. Tena kwenye monita ya wigo mpana, programu isiyosoma profaili inageuza nyuso kuwa nyekundu kama zimeungua na jua.

Pesa inayobaki weka kwenye kalibreta, hata ya kuchangia watu watatu. Zima kwanza taa ya usiku ya Windows na kila kinachojibadilishia mwangaza chenyewe. Lenga D65 (weupe wa mwanga wa mchana), gama 2.2 (mpangilio wa vivuli vya kati), kandela 100. Mwangaza ushushe kwa vitufe vya monita, kisha programu ya kalibreta itengeneze profaili ya monita. DisplayCAL, programu mojawapo ya kazi hiyo, ni ya bure. Rudia kila mwezi.

PichaZaZiwa:
Shukrani sana wakuu. Kalibreta bado sina, nianzeje?

Mchapaji_Pwani:
Chagua picha moja yenye uso, nguo nyeupe na suti nyeusi. Mwombe fundi wa dukani aisafishe bila mashine kujirekebishia, maana wengi huacha marekebisho hayo yamewashwa na kipimo chako kinaharibika. Ishike kando ya monita, iangazwe na mwanga wa dirishani ila jua lisipige kioo. Shusha mwangaza wa monita taratibu mpaka nyeupe ya kioo ikaribiane na nyeupe ya karatasi. Mara nyingi utaishia kati ya 20 na 35. Faili usiliguse. Andika hiyo namba, na ujitahidi kuhariri chumba kikiwa na mwanga uleule, kwa sababu usiku taa zikiwa hafifu namba hiyohiyo itakudanganya.

FundiRangi:
Nyongeza: ukipata IPS ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440 na sRGB kamili kwa bei unayoimudu, hiyo inazishinda zote mbili. Maandishi yanasomeka bila kukuzwa, na picha inapata nafasi ya kutosha kando ya paneli za programu.