Siku tatu juu ya farasi: South Downs Way au Ridgeway?

MtuWaTanga: Wakuu, habari za humu. Mwezi wa sita mimi na mke wangu tuna siku tatu na farasi wetu wawili, hapa kusini mwa England. Nimebaki na njia mbili ndefu za matembezi: South Downs Way (kilomita 160, Winchester hadi Eastbourne) au Ridgeway (kilomita 139). Ipi afadhali?

KipangaReading: Mkuu, hiyo 139 ifute. Ridgeway iko wazi kwa farasi mfululizo upande wa magharibi tu, Overton Hill hadi mto Thames pale Streatley, kama kilomita 70. Ukivuka mto, vipande vingi ni vya waenda kwa miguu. Ila huo upande wa magharibi ni raha tupu: njia pana, mnakwenda sambamba mkipiga soga, na mnapita juu ya yule farasi mweupe wa Uffington aliyechorwa kilimani kwa chaki.

BintiMrima: South Downs Way yote farasi ruksa. Fuateni mshale wa buluu, wa njano ni wa miguu. Pale Alfriston njia inagawanyika: wenzenu wa miguu wanashika magenge ya pwani ya Seven Sisters, nyie mnakata bara kupitia Jevington. Tabu yake ni gumegume. Vile vijiwe vina ncha, vinaingia chini ya kwato, kila mapumziko unainua mguu unachokoa. Na maji! Mvua yote inazama kwenye mwamba wa chaki, huko juu hukuti kijito. Mabomba yapo, ila yako mbalimbali, chukueni ndoo ya kukunja.

Babu_K: Mmesahau baiskeli. Tangu sheria ya 1968 wana haki ya kupita njia za farasi, japo wanatakiwa watupishe. Jumamosi ya kiangazi huko vilima vya Downs wanateremka mbio, na farasi mwoga hajui sheria. Mie ningekwenda kaskazini, Mary Towneley Loop: kilomita 76, mzunguko, unamalizia ulipoacha gari na trela.

MtuWaTanga: Shikamoo Babu. Kaskazini mbali, trela letu bovubovu. Tunashika Ridgeway. Pa kulaza farasi ni wapi?

KipangaReading: Teremkeni upande wa Lambourn, ni nchi ya farasi wa mbio. Pigeni simu mapema, muulize kama nyasi kavu zipo au mnabeba zenu. Halafu tahadhari: kiangazi baadhi ya vipande vinaruhusu pikipiki.

BintiMrima: Na magari pia.