Watalii wanahesabiwa kwa milioni tena, lakini hasara ya korona bado tunailipa sisi madereva

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninaandika nikiwa na hasira, na mtanivumilia, kwa sababu hasira yenyewe ina umri wa tangu Machi 2020. Mimi ni dereva na mwongoza watalii. Ninamiliki gari moja la safari, lenye paa la kufunguka, ambalo kampuni za utalii za Kampala na Entebbe hunikodi nalo. Wiki hii kampuni moja, ambayo sitaitaja, imeniletea mkataba mpya wa msimu wa kiangazi. Kipengele cha tisa kinanitaka niiachie kampuni tarehe zote nilizopangiwa bila kuchukua kazi nyingine, kisha kinaongeza kwamba mgeni akifuta safari kwa sababu yoyote, ukiwemo mlipuko wa ugonjwa, hata kama ni jioni ya kuamkia siku ya kuondoka, mimi silipwi kitu. Nilipomuuliza meneja kuhusu malipo ya awali ya mgeni huyo, ambayo kampuni huwa hairudishi yote, alicheka na kunijibu, "Ssebo (bwana), hayo ni mambo ya ofisi."

Mambo ya ofisi! Basi niwaeleze mambo ya barabarani.

Jumamosi ya tarehe 21 Machi 2020, siku ambayo kisa cha kwanza cha korona nchini Uganda kilithibitishwa, nilikuwa Buhoma, kwenye lango la msitu wa gorila wa Bwindi, na familia ya watu wanne kutoka Ubelgiji, wakiwa wamebakiwa na siku sita za safari yao. Rais alitangaza kwamba Uwanja wa Ndege wa Entebbe ungefungwa kwa abiria kuanzia usiku wa manane wa Jumapili. Tulipakia mizigo gizani, tukapita Kihihi, Rukungiri, Ntungamo, Mbarara na Masaka bila kulala, baba wa ile familia akipiga simu njia nzima kutafuta viti vya ndege, nami nikila chapati kwa mkono mmoja. Waliondoka. Kampuni ilinilipa siku nilizoendesha, wala si siku sita zilizokatika, na usiku ule wa kukesha ukahesabiwa kuwa sehemu ya siku ya mwisho. Sikulalamika wakati ule, kwa sababu kila mtu alikuwa na hofu na hakuna aliyejua jambo lile lingechukua muda gani. Kiwanja kilifunguliwa tena kwa abiria tarehe 1 Oktoba.

Hapa katikati nitapita haraka, kwa sababu kila mmoja wenu ana simulizi yake ya karantini. Magari ya binafsi yalipigwa marufuku, langu likalala uani. Magari yaliporuhusiwa tena, niling'oa viti vya nyuma nikabeba matoke kutoka Mbarara. Gari lililotengenezwa ili mgeni asimame na kupiga picha za tembo likawa linanuka utomvu wa ndizi hadi leo, na wapo wageni wanaoniuliza ile ni harufu ya nini. Benki Kuu ya Uganda iliruhusu mikopo ipangwe upya kuanzia Aprili 2020, na taasisi iliyonikopesha fedha za gari ilinisogezea marejesho kweli, ila riba haikwenda karantini. Deni lilinisubiri likiwa limenenepa.

Lililoniumiza kuliko yote lilikuja baadaye, na ndilo nataka tulijadili. Kampuni ziliwaomba wageni wasifute safari, bali waahirishe. Lilikuwa wazo la busara, na silipingi. Lilifanyika dunia nzima, na hata Mamlaka ya Wanyamapori ilikubali vibali vya kuwaona gorila vilivyokwisha kulipiwa visogezwe mbele. Lakini angalieni hesabu ilivyokaa. Mgeni alitunziwa safari yake kwa bei ya zamani. Kampuni ilibaki na fedha zake za awali, ikalipia pango la ofisi. Dereva, ambaye siku zake ndizo zilizokuwa zimeuzwa, hakupata hata shilingi, kwa kuwa hoja ilikuwa kwamba kazi haijafanyika. Kisha mwaka 2022 wageni wale wakaanza kuja, nami nikaambiwa niwaendeshe kwa bei tuliyokubaliana mwaka 2019, mafuta yakiwa juu yangu. Mwaka 2019 lita ya petroli ilikuwa takriban shilingi 4,000. Januari 2022, madereva wa malori walipokwama Malaba na Busia, mpakani na Kenya, kwa mgogoro wa vipimo vya korona, kuna sehemu petroli iliuzwa hadi shilingi 10,000, na katikati ya mwaka huo, malori yakiwa yanapita vizuri, bei ilikuwa imevuka 6,000. Safari ya siku kumi ya hifadhi za Murchison, Kibale, Queen Elizabeth na Bwindi ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano ukijumlisha mizunguko ya ndani ya hifadhi. Nilipomweleza meneja kwamba nitamaliza safari nikiwa na hasara, alinijibu kwamba mgeni alishalipa na bei haiwezi kubadilika. Alishalipa, ndiyo. Alimlipa nani?

Kuna na zile saa za Entebbe. Kuanzia Septemba 2021 hadi Februari 2022 kila aliyetua alilazimika kupimwa korona kwa dola 30, na mimi nilikaa kwenye maegesho nikishika kibao cha jina hadi saa tisa za usiku nikisubiri majibu ya mgeni. Maegesho yale hayakuwa ya bure, na kusubiri hakukuandikwa popote katika mkataba.

Sasa tunaambiwa utalii umepona. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi takriban 473,000, na mwaka 2024 wakahesabiwa takriban milioni 1.37. Sina ugomvi na takwimu hizo, lakini wanaozitangaza kwa tabasamu wasisahau kwamba wengi wa hao waliohesabiwa ni majirani zetu wa Kenya, Rwanda, Tanzania, Sudan Kusini na Kongo, wanaokuja kufanya biashara au kuwaona jamaa zao. Ni wageni wetu halali na fedha zao zina thamani, ila hawapandi gari langu. Mtu anayekuja Kampala kununua bidhaa hapandi hadi Bwindi kulipia kibali cha gorila, ambacho kwa mgeni wa kutoka nje ya Afrika kilipandishwa hadi dola 800 Julai 2024. (Kabla ya hapo kilipanda kutoka 600 hadi 700 tarehe 1 Julai 2020, siku ambayo hapakuwa na mtalii hata mmoja aliyeruhusiwa kuwaona gorila. Uamuzi ulikuwa umetangazwa mapema, najua, lakini bado nacheka kila nikikumbuka.)

Na yule anayepanda gari langu amebadilika. Zamani alilipia miezi sita au mwaka mzima mapema, kwa sababu kundi moja la gorila hupokea wageni wanane tu kwa siku na alihofia kukosa nafasi. Leo anauliza kwa WhatsApp wiki tatu kabla, anataka gari la peke yake asichanganywe na wageni wengine, na swali lake la kwanza ni kama anaweza kufuta bila kukatwa. Simlaumu, maana aliponea chupuchupu kufungiwa ugenini. Waganda wenzetu nao walijifunza kutembelea hifadhi zao wakati bei ya vibali iliposhushwa, kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2021, jambo lililonifurahisha sana. Wao huja na magari yao na kujiendesha. Kwa hiyo kampuni inayotaka kumpata huyo mgeni wa dakika za mwisho inamuahidi uhuru wa kufuta, halafu inageuka na kuulipia uhuru huo kwa siku zangu. Kipengele cha tisa kimezaliwa hapo.

Asije mtu akaniambia kwamba korona imepita na kipengele hicho ni maandishi tu. Ebola ilitangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, na barabara ya Kampala kwenda Fort Portal inapita Mubende. Wageni waliangalia ramani, wakafuta, hata wale waliokuwa wakielekea Bwindi, mamia ya kilomita kutoka huko. Ilitangazwa tena Kampala tarehe 30 Januari 2025, ikaisha Aprili. Katika milipuko hiyo miwili nilifutiwa safari nne. Kampuni ilikata wageni sehemu ya fedha zao kila mara, kwa mujibu wa masharti yake, na kila mara niliambiwa pole.

Najua wenye kampuni watanijibu kwamba nao waliuza magari na kupunguza watu. Ni kweli, na nimewaona wengine wakifunga kabisa. Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Mnapomkata mgeni nusu ya fedha zake kwa kuwa amechelewa kufuta, mnamweleza kwamba gari na dereva walikuwa wameshatengwa kwa ajili yake. Mnalitaja jina langu wakati wa kukata, na kulisahau wakati wa kugawa. Yapo mambo mabaya kuliko haya yangu: mpagazi wa Rushaga, upande mwingine wa Bwindi, anayembebea mgeni begi mlimani hana hata mkataba wa kumnyima kitu, na mwaka 2020, vijiji vya kando ya msitu vikiwa havina mgeni, gorila Rafiki wa kundi la Nkuringo aliuawa kwa mkuki. Muuaji alifungwa miaka 11 na simtetei. Ninachosema ni kwamba mlolongo huu ukikatika juu, wa chini ndiye anayedondoka kwanza.

Ninachotaka kiandikwe ni mambo mawili. Fedha anazokatwa mgeni aliyefuta zilipe kwanza dereva aliyezuiliwa tarehe hizo, angalau nusu ya malipo ya siku kwa siku tatu za mwanzo. Na safari iliyoahirishwa ikirudi, bei ya mafuta ihesabiwe upya.

Mwenye nakala ya mkataba wa kampuni yoyote inayomfidia dereva safari inapofutwa, naomba aiweke hapa chini akiwa amefuta majina. Wa kwangu nitauweka usiku nikirudi kutoka Entebbe. Nina mgeni wa saa nne usiku, ikiwa hatanitumia ujumbe kabla ya hapo.