Love Comes Softly: nyie mnaotoa maoni mmesoma kitabu, au mmeangalia filamu mkalala?

Wakuu habari za jioni. Wapendwa, Bwana asifiwe. Mods naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la dini, ninachozungumzia ni riwaya, na ninaowatafuta wako humu humu.

Leo natoa povu. Nimelibana tangu ulipofunguliwa ule uzi wa vitabu vya mapenzi vya Kikristo, nikasema ngoja niwaache watu wafurahi. Sasa tumefika mahali kitabu cha Janette Oke kinapewa nyota moja na mtu asiyejua hata mume wa kwanza wa Marty, mhusika mkuu, anaitwa nani. Chini yake mwingine anakimwagia nyota tano kwa sababu "hakina uchafu, binti yako unamwachia bila wasiwasi". Wote mnanikera, na huyu wa nyota tano ndiye anayenikera zaidi. Nitafika kwake.

Kwa wasiokijua: kilitoka mwaka 1979, kikachapwa na Bethany House ya Marekani. Mwandishi ni mama wa Kikanada, mzaliwa wa Alberta mwaka 1935. Hizi riwaya zote mnazoziona zenye dada wa kofia ya kamba na shamba la ngano kwenye jalada, yeye ni mmoja wa waliozifungulia njia. Mfululizo wenyewe una vitabu vinane, cha mwisho kilitoka 1989. Kuanzia hapa natoboa hadithi, ambaye hajasoma na anataka kusoma aishie hapa.

Marty na mumewe Clem wametoka mashariki na gari la turubai, wanaelekea magharibi kutafuta ardhi. Clem anakufa ghafla. Marty anabaki porini na mimba, hana ndugu, hana nauli, na baridi inakuja. Siku ileile ya mazishi anafuatwa na mwanamume asiyemjua, Clark Davis, mgane mwenye binti mdogo anayeitwa Missie. Clark anamwambia waoane. Hamdanganyi kwamba kampenda: mtoto anahitaji mama, na Marty anahitaji pa kujisitiri. Mhubiri anayezunguka ukanda ule yupo siku hiyo, akiondoka hajulikani atarudi lini. Majira ya kuchipua ukipita msafara wa kurudi mashariki na Marty akitaka kwenda, Clark atamlipia nauli. Sharti ni moja: aondoke na Missie.

Hebu rudini hapo kwenye sharti. Huyu baba kafiwa na mke, kabaki na mtoto mmoja tu. Anamwambia mwanamke aliyekutana naye leo makaburini kwamba ukiondoka, nenda na mwanangu, kwa sababu mtoto anahitaji mama kuliko mimi ninavyomhitaji mtoto. Nimepitia maoni ya watu kurasa kwa kurasa na hakuna aliyeligusa jambo hili. Hakuna! Watu wanahesabu mabusu.

Eti "hakuna mapenzi humu". Kaka yangu uliyeandika hivyo, ulitaka yaonekane kwa njia gani? Mwanamume analala kwenye kibanda cha pembeni, nyumba kamwachia mwanamke. Analetewa chapati za maji asubuhi, mchana na jioni kwa sababu huyo binti hajui kupika kitu kingine, na anakula bila kununa. Mpaka jirani, Ma Graham, anakuja kumwelekeza. Mimi nimewahi kula kwa watu wakati mwenye nyumba kanunia chumvi tu, chumvi peke yake, na meza nzima ikapoa. Najua thamani ya mwanamume anayekula chapati za maji siku nzima akanyamaza.

Nakala niliyosoma ni ya kabati la kinamama kanisani kwetu, imelegea jalada, imepita mikono mingi. Kuna mtu kapita nayo na kalamu ya buluu. Sura za mwanzo kaandika pembeni "mbona hawabusiani?" Kurasa chache mbele, mkono uleule: "chapati tena!!" na alama mbili za mshangao. Mbele zaidi, pale Ma Graham anapomsimulia Marty kwamba hata yeye alikuwa mjane, akaolewa na Ben kwa sababu watoto walihitaji baba, na mapenzi yakamjia baadaye polepole bila kumpigia hodi, mwenye kalamu kapiga mstari chini ya aya nzima. Hajaandika kitu. Baada ya hapo hakuna buluu tena mpaka mwisho. Huyo dada simjui ila nampa heshima zangu, kwa sababu alilalamika huku anasoma.

Sasa hili la mazishi. Nyuzi mbili nzima mmejaza "haiwezekani, siku ileile?" na mmoja akaongeza kwa kejeli kwamba hata eda hakukaa. Dada yangu, eda naiheshimu, na unaifahamu kuliko mimi: miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba mpaka ajifungue. Lakini anayekaa eda anakaa ndani ya nyumba, kuna watu wanaopika, kuna wifi anayechota maji. Marty angekaa wapi? Ndani ya gari la turubai, theluji ikidondoka? Na nyie wapendwa mnaouliza "hii ni ndoa ya Kikristo kweli?", fungueni Waraka wa Kwanza kwa Timotheo sura ya 5, Paulo mwenyewe anataka wajane ambao si wazee waolewe. Mwandishi anajua jambo hili linaumiza, ndiyo maana Marty anakwenda kwenye ndoa ile na machozi na hasira. Mnasema "haina uhalisia" kana kwamba hamjawahi kuona mjane anakubali jambo huku moyo unakataa kwa sababu kuna tumbo na kuna mvua.

Wa "Mungu kazidi" sina muda naye sana. Clark anasoma Biblia na kuomba kabla ya kifungua kinywa, Marty anashangaa, maana kwao hawakuzoea. Ndiyo hadithi yenyewe. Mtu unachukua riwaya ya Kikristo kwenye rafu ya riwaya za Kikristo halafu unalalamika kuna sala, ni sawa na kuingia duka la dawa ukagombana na muuzaji kwamba hauzi vitunguu. Kama unataka kumlaumu mwandishi kwa mahubiri, mlaumu pale ambapo Clark anajibu kila swali kwa utulivu uleule kama mzee wa baraza. Hapo nakuunga mkono. Jamaa hana siku mbaya. Ningependa nimwone amekasirika vizuri walau mara moja.

Wa filamu mko wengi na mnajulikana. Ukiona mtu anasema "nilipenda Missie anavyomjibu Marty jeuri halafu baadaye wanapatana kwa vitabu", huyo kaangalia filamu ya Hallmark ya mwaka 2003, ile ya Katherine Heigl. Kwenye filamu Missie ni binti mkubwa mwenye maneno yake. Kwenye kitabu ni kitoto, anapiga kelele na kulia anapoachwa na mgeni. Tofauti si ndogo! Mtoto mkubwa unaweza kuzungumza naye mkaelewana. Kitoto kinacholia unakibeba, unakilisha, unakifulia, mpaka siku moja unagundua umekizoea, na ukikizoea ile nauli ya kurudi kwenu inabadilika kuwa mtego. Sasa mtu anakuja kutoa nyota mbili kwa kitabu kwa sababu "Missie hana nafasi kubwa kama nilivyotegemea". Ulitegemea kutoka wapi? Andika tu kwamba umeangalia filamu. Hakuna atakayekufukuza.

Na wale wa "ikilinganishwa na Redeeming Love hii imepooza". Francine Rivers anaandika juu ya mwanamke aliyeuzwa kwenye danguro, kafuata kitabu cha Hosea cha kwenye Biblia, na hata hiyo Redeeming Love ilitoka kwanza 1991 kabla ya kurekebishwa kwa wasomaji wa Kikristo mwaka 1997. Ni kazi nyingine kabisa. Anayekwenda kwa Janette Oke akitafuta moto ule atakesha.

Haya, wa nyota tano. Mama zangu, dada zangu, na hasa wewe uliyeandika aya tatu zenye neno "safi" kila mstari. Umesema ni kitabu laini, cha kupumzisha akili, hakina cha kumshtua binti. Kitabu gani umesoma? Kinaanza na maiti. Kina mjane mjamzito anayeolewa na asiyemjua ili asife kwa baridi. Kina Wanda Marshall, jirani aliyepoteza watoto wachanga, na mwanamke wa kumfariji ni huyo huyo Marty mwenye tumbo. Kina kujifungua mbali na hospitali yoyote. Kitu pekee ambacho hakimo ni kitanda, na kwa sababu hakimo mmekipiga muhuri wa ulaini na kukipeleka kwa mabinti wa kipaimara. Kuna duka moja la vitabu nimekikuta kimepangwa pamoja na vile vya "adabu kwa wasichana". Nikamuuliza muuzaji umekisoma? Akaniambia ni kizuri, hakina mambo.

Hakina mambo! Kwa kipimo hicho kitabu cha Ruthu mngekichomoa kwenye Biblia, maana sura ya 3 mjane anaoga, anajipaka mafuta, anakwenda usiku kwenye uwanja wa kupuria na kulala miguuni pa mwanamume. Mnachokisifu ni kile ambacho mwandishi ameacha kuandika. Alichokiandika hamkigusi. Huyu mama kajaza kurasa na namna huzuni inavyokaa ndani ya mtu anayelazimika kufua, kusugua sakafu na kukimbizana na kuku, na nyie mmeona usafi tu. Anayekipa nyota moja kwa hasira angalau kaguswa na kitu.

Mnataka cha kulalamikia? Nawapa. Mwandishi hataji mwaka wala jimbo, ni "magharibi" tu. Ardhi ipo wazi inasubiri watu wema. Ile ardhi ilikuwa na wenyewe! Sheria ya Homestead ya Marekani ya mwaka 1862 iligawa ekari 160 kwa kaya iliyokubali kukaa miaka mitano na kulima, na hata mjane aliruhusiwa kuomba kwa jina lake. Ekari zile zilipatikana baada ya watu wa asili kuondolewa kwa mikataba ya kulaghaiwa na kwa bunduki. Kwenye shamba la Clark hawapo, kana kwamba hawajawahi kuwepo. Msomaji wa huku ambaye babu yake alihamishwa ili mlowezi apate shamba, hili linampitaje? Nimetafuta maoni ya mtu mmoja tu aliyeliona. Nimekuta mtu analalamika kwamba wahusika wanaongea Kiingereza cha kijijini kinachochosha.

Nalisema hili nikiwa nakipenda kitabu. Clark anaomba juu ya chakula kila siku, na sijamwona akiuliza udongo ule aliupataje.

Kuna waliosema "tumechoka mapenzi ya wazungu, tuandikiwe ya kwetu". Sawa, ila msimnyime nyota mwandishi wa Alberta kwa kosa hilo. Freretown pale Mombasa ilianzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, watu waliotoka makabila tofauti, wengine hawajui walikozaliwa, wakaanza ndoa na nyumba upya chini ya kengele ya kanisa. Bagamoyo mapadre walianza kijiji cha namna hiyo tangu 1868. Riwaya ya kihistoria ya mapenzi ya Kikristo imelala pale inangoja mwandishi. Mwenye kalamu aanze, mimi nitanunua, na nitasoma kabla ya kutoa maoni.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Mkuu uliyesema "ni maoni tu, kila mtu ana haki yake", haki unayo, na mimi ninayo ya kukuuliza Ma Graham ni nani. Hujajibu mpaka sasa. Dada uliyesema nimewatukana kinamama, sijamtukana mtu, nimeuliza kwa nini mjamzito anayelia makaburini ni "laini". Na wewe uliyeweka link ya PDF, mods naomba ifutwe.

Mwenye kitabu cha tatu, Love's Long Journey, nakala ya karatasi, anicheki PM. Cha pili ninacho, tunaweza kubadilishana. Nipo Dodoma, hata kama kiko Morogoro nitakifuata, alimradi kisiwe kimechorwachorwa.